Gari Linamtii Nani?

Kufuli la kwanza la gari nililofundishwa kulitafuta lilikuwa mfukoni mwa koti. Mzee aliyenipokea kama spana boi mjini Embu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa na desturi iliyowachekesha majirani: kila jioni alifungua kifuniko cha distributa ya pikapu yake, akachomoa rota, akaitia mfukoni na kwenda nayo nyumbani Majengo. Rota yenyewe ni kipande kidogo cha plastiki ngumu chenye ulimi wa shaba, lakini ndiyo inayogawa moto wa koili kwa kila plagi. Ikikosekana, zungusha injini hadi betri ilale, haitashika.

Desturi hiyo hakuiokota Embu. Mwaka wa 1940, Waingereza walipohofia kwamba askari wa Ujerumani wangeshuka kwa miamvuli mashambani mwao, serikali yao iliamuru kila gari linaloachwa bila mtu lipokonywe uwezo wa kuwaka. Wengi walichomoa rota. Jeshi likabeba mazoea hayo, na mzee wangu, Mmbeere wa upande wa Siakago, aliyapata akiendesha malori ya jeshi hadi Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani mwaka wa 1944. Alirudi na leseni, koti zito, na imani kwamba gari ambalo halijachomolewa kitu ni la yeyote apitaye.

Tangu rota ile, kazi ya umeme wa magari kati ya Embu na Meru nimeiona kama siri moja inayohama mikono. Ilikuwa ya mwenye gari, ikawa ya fundi, ikawa ya kiwanda kilicho ng'ambo, na sasa mara nyingi ni ya anayemdai mwenye gari. Ndiyo maana nikiitwa kwa gari lililokataa kuwaka siulizi kwanza lina ugonjwa gani. Yapo magari mazima kabisa yasiyowaka. Yanamtii mtu mwingine.

Zamani haja ya kufuli ilikuwa ndogo. Boma la Embu lilianzishwa 1906 na la Meru 1908, na kwa miaka mingi magari ya huku yalihesabika: ya mkuu wa wilaya, ya misheni, malori ya Wahindi wenye maduka, na ya Wazungu waliokuja kunywa kwenye hoteli ya Isaac Walton kule Embu au ya Pig and Whistle hapa Meru. Mwizi hakukosekana, ila angelipeleka wapi? Watu walitambua gari la nani linakuja kwa mlio wake tu. Land Rover za kwanza nilizozishika zilikuwa na ufunguo mwembamba kama wa kabati la vyombo, na niliwahi kuona ufunguo wa moja ukiwasha ya pili bila wasiwasi. Peugeot ndizo zilizotuzoesha kufuli la usukani, ubunifu wa Abram Neiman wa miaka ya 1930: ukitoa ufunguo, kipande cha chuma kinachomoza na kushika nguzo ya usukani. Lilisaidia dhidi ya mtu mwenye haraka.

Mambo yalibadilika baada ya 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu zilizokuwa zikidaiwa. Sasa mwalimu wa Kangaru, au mkulima wa kahawa wa Runyenjes, au wa majani chai wa Nkubu, aliweza kumiliki Peugeot 404 asiyoiendesha. Dereva ndiye aliyelala nayo. Usiku, gari lililopaswa kupumzika lilibeba wageni wa harusi, magunia ya mahindi au hata jeneza hadi Ishiara, na asubuhi mwenyewe alikuta tangi tupu na hesabu ile ile ya jana. Hapo ndipo katauti ilipoingia. Watu hudhani iliwekwa kwa ajili ya mwizi. Nyingi nilizozifunga ziliwekwa kwa ajili ya dereva.

Katauti ni swichi ndogo tu, pengine ya wipa kuukuu, inayokata waya unaopeleka umeme kwenye koili. Kuifunga kulichukua nusu saa. Ustadi ulikuwa katika kuificha: chini ya kiti, nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara, kando ya kisanduku cha fyuzi, kwa waya wa rangi ile ile ya kiwanda, mahali ambapo mkono wa dereva haungepita kwa bahati. Mwenye gari alisimama akitazama. Dereva alitumwa akanywe chai, na wengi wao walijua maana ya chai hiyo.

Gari la namna hiyo likiletwa likivutwa kwa kamba, dalili zake zilikuwa zile zile za koili iliyokufa. Unachomoa waya mnene wa koili, unaushika karibu na bloku huku mwenzako akizungusha stata, huoni cheche. Unarudi nyuma hatua moja na taa ya kupimia, ambayo wakati huo ilikuwa globu ya indiketa iliyochomelewa waya mbili. Unagusa mguu wa koili. Globu haiwaki. Spana boi kama mimi angesema swichi ya ufunguo imekufa, akakimbilia dukani. Mzee hakugusa kitu. Alijifuta mikono akamuuliza dereva, "Wewe na tajiri wako mliagana vizuri jana?" Dereva akitazama chini, mzee alifunga boneti na kumtuma mtu akamwite mwenye gari.

Nimefikiri sana kuhusu swali lile, na bado naliona kuwa kipimo bora kuliko globu. Adabu ya kazi ilitokana nalo. Fundi aliyefunga katauti hakuitaja mbele ya mtu. Fundi wa pili aliyeigundua akitafuta hitilafu nyingine aliirudisha kama alivyoikuta, akanyamaza. Nimewajua mafundi hodari mjini Embu waliokosa kazi kwa sababu ya mdomo, si mkono.

Dizeli ilikuwa na ukaidi wake. Barabara ya lami ya Embu na Meru ilipokamilika miaka hiyo ya 1980, kona juu ya kona, kushuka Thuci, kupanda, kushuka tena Nithi, magari ya dizeli yaliongezeka, na huku kwetu mteremko haukosekani. Dizeli ya zamani iliyozimwa kwa kuvuta kitufe haikuhitaji umeme ili iwake. Iachie iteremke, tia gia ya pili, achia klachi, imeshika. Hakuna koili ya kukata. Zilipokuja pampu zenye solenoidi inayofungulia mafuta kwa umeme, ndipo nasi tukapata mahali pa kushika. Na hapo pia likaja kosa jipya la mafundi: gari la dizeli linazunguka bila kushika, wanafungua nozeli, wanatoa hewa kwenye mabomba, wanapeleka pampu Nairobi ikapimwe, kumbe waya mmoja wa solenoidi umekatwa na swichi iliyo chini ya zulia.

Nilipohamia Meru na kuanza kuitwa Maua, Laare na Muringene, nilikuta dunia nyingine. Wenye Hilux za miraa niliowafanyia kazi walilipa ili nitoe katauti. Sababu yao ilikuwa wazi. Miraa ikishachumwa inaanza kupoteza bei. Lazima iwahi Eastleigh kule Nairobi, au ndege za uwanja wa Wilson zinazokwenda Somalia. Gari likigoma kwa nusu saa pale penye mizani, hasara inaangukia mzigo, na mzigo ni wa watu wengi. Mmoja wa wazee wa Igembe aliniambia, "Fundi, akiiba gari nitanunua lingine. Akinichelewesha kwa swichi yako nitanunua nini?" Nilizing'oa zote, na za jirani yake.

Biashara hiyo ilipoyumba, niliona upande wake wa pili. Uingereza ilipiga miraa marufuku Juni 2014; Somalia ikasimamisha shehena kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Pikapu zilikaa uani miezi mingi, betri zikafa. Betri inaporudishwa, alamu nyingi za bei nafuu huamka zikiwa zimejifunga, na rimoti ilikwisha kupotea au betri yake ndogo ya volti 12 imekauka. Mwenyewe anazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, stata kimya. Hapo hakuna haja ya kushusha stata. Gusa waya mwembamba wa stata wakati ufunguo umezungushwa hadi mwisho. Umeme ukifika na stata ikanyamaza, shusha stata. Usipofika, fuata waya kurudi nyuma, na mara nyingi utaishia kwenye relei ya alamu.

Alamu zenyewe zilitujaa miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa. Hiyo ndiyo miaka ya kunyang'anywa magari kwa bastola Nairobi, na kampuni za bima zikaanza kumuuliza mteja kama gari lake lina alamu. Kila mji ukapata kijana wa alamu. Wengi walifunga kwa kusokota waya na kuuzungushia tepu, bila kuchomelea risasi, na Meru yetu ya Juni na Julai, yenye ukungu na baridi, haisamehi tepu. Unyevu unaingia, shaba inageuka kijani, na gari linawaka mchana likikataa asubuhi. Ukiniambia gari lako hukataa asubuhi tu, nitakuuliza ni nani aliyekufungia alamu kabla sijauliza kuhusu plagi.

Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zikaongezewa kidhibiti mwendo: kisanduku kingine kati ya ufunguo na injini, chenye waya wa kukata mafuta. Kwa muda matatu moja ya Embu iliweza kuwa na katauti ya tajiri, alamu ya kijana wa mtaani na kidhibiti cha serikali, zote zikigombea injini moja. Nilijifunza kuchora ramani ya waya kwenye karatasi kabla ya kugusa lolote. Bado ninazo baadhi ya karatasi hizo. Madereva wakiziona hucheka, lakini matajiri huuliza kama nimezionyesha mtu.

Lakini yote hayo yalikuwa maneno ya hapa hapa. Aliyeficha swichi alikuwa mtu unayeweza kumpata sokoni Gakoromone. Kilichogeuza kazi yetu kilitoka mbali, tena kilitangazwa mapema, ila hakuna aliyetuletea habari. Baada ya wizi wa magari kupanda sana Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo mwaka wa 1995, na kufikia Oktoba 1998 magari mapya ya abiria ya huko yalilazimika kuwa na imobilaiza. Kenya nayo inaruhusu kuingiza gari lililotumika mradi lisizidi miaka minane. Piga hesabu. Sheria iliyoandikwa Brussels ilikuwa njiani kuja Makutano, hapa Meru, kwa meli, polepole, na katikati ya miaka ya 2000 ikafika. Magari ya Japani yalichanganyika, kwa kuwa huko hakukuwa na sharti hilo: Probox nyingi zilikuja bila imobilaiza, na nadhani hiyo ni sehemu ya mapenzi ya mafundi kwa Probox.

Imobilaiza haina swichi ya kutafuta. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna pete ya waya, ambayo ndiyo antena. Ukiingiza ufunguo, pete inaipa chipu nguvu kwa mawimbi, chipu inajibu kwa namba zake, na kompyuta ya gari inalinganisha. Zikikubaliana, injekta na moto vinaruhusiwa. Zisipokubaliana, hakuna kilichokatika popote. Kompyuta imeamua tu. Na globu yetu ya indiketa, iliyotulea sote, ikawa hatari, kwa sababu inavuta umeme mwingi kuliko waya za kompyuta zinavyostahimili. Tukahamia kwenye mita, na aliyeng'ang'ania globu aliunguza vitu vya watu.

Kila kiwanda kina namna yake ya kukataa. Volkswagen huwaka kabisa, sekunde moja au mbili, halafu hujizima. Toyota huzunguka bila kushika huku taa nyekundu ya ulinzi ikimetameta. Honda humetesha taa ya kijani yenye picha ya ufunguo. Nissan zenye mfumo wa NATS, ukizijaribu mara kadhaa kwa ufunguo zisioujua, hujifunga, na mashini ya kusomea huandika P1610. Kwenye Toyota utasoma B2799, kwenye Volkswagen P1570. Lakini mimi huanza na macho: taa ya ulinzi inafanya nini? Kisha naomba ufunguo wa pili. Kisha naondoa ufunguo kwenye rundo lake, maana chipu ya gari jingine ikining'inia pale pale huweza kuvuruga mazungumzo. Kisha betri, kwa kuwa umeme ukishuka sana wakati wa kuzungusha, kompyuta yenyewe huchanganyikiwa na kukataa ufunguo halali. Kisha fyuzi. Mashini huja baadaye, na vijana hawapendi kusikia hivyo.

Ombi la ufunguo wa pili ndilo linaloleta kicheko cha uchungu, kwa sababu magari mengi hushuka Mombasa na ufunguo mmoja tu. Nesi mmoja wa Chogoria aliniletea gari lake likivutwa kutoka Chuka. Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha pampu ya mafuta, wa pili plagi zote. Nikaomba ufunguo. Ulikuwa unang'aa, mpya kabisa. "Ule wa zamani uko wapi, mama?" Akajibu kwa aibu kwamba mtoto aliutumbukiza chooni, naye kwa bahati alikuwa na nakala aliyochongewa kitambo na mchonga funguo wa karibu na stendi, hajawahi kuitumia. Meno yalikuwa sawa sawa. Mlango ulifunguka, swichi ikazunguka, stata ikalia. Kilichobaki chooni ni chipu. Pampu na plagi alizokuwa amelipia zilikuwa nzima, na sikuwa na maneno mazuri ya kumwambia hilo.

Kwa miaka kadhaa dawa ya shida kama yake ilikuwa Nairobi. Tulifungua kompyuta ya gari, tukaifunga kwa gazeti, tukaituma kwa paseli ya matatu hadi Barabara ya Kirinyaga, ambako vijana walisoma kumbukumbu yake na kuirudisha na ufunguo. Siku mbili, tatu, gari likiwa juu ya mawe. Nilichukia utaratibu huo, si kwa gharama tu, bali kwa sababu siri ya mteja wangu ilikuwa sasa kwa mtu ambaye hatufahamiani. Ulaya nao waligombania siri ile ile kwa namna yao. Mwaka wa 2013 Volkswagen ilipata amri ya mahakama mjini London kuwazuia wataalamu wa vyuo vikuu vya Birmingham na Nijmegen kuchapisha udhaifu wa chipu iitwayo Megamos Crypto. Makala yao ilitoka 2015. Wakati huo wote, programu yenye kanuni hiyo ya siri ilikuwa ikipatikana kwenye intaneti tangu 2009. Mzee wangu angewaambia waulizane kwanza walivyoagana jana.

Leo mashini ziko Makutano, ziko Embu, na msichana niliyemfundisha, aliyetoka chuo cha ufundi, anaandikisha ufunguo mpya kabla chai haijapoa. Magari ya kubonyeza kitufe yanatuletea kazi nyepesi: betri ya rimoti imekufa, mwenyewe anadhani injini imekufa, na tiba ni kuigusisha rimoti kwenye kitufe, kisha kununua betri dukani. Hatutozi kitu kwa hiyo, ingawa msichana anaona tunapaswa.

Kazi nzito ya sasa inatoka kwingine. Mtu amekopa kwa kuweka logibuku ya gari, na mkopeshaji amefunga kifaa cha kufuatilia chenye laini ya simu na relei ya kukata injini. Malipo yakichelewa, amri inatumwa kutoka ofisini, na gari lililowaka vizuri asubuhi kwenda Kianjai linabaki Kianjai. Mwenyewe hataji mkopo. Anakuambia ni plagi. Unapima, unakuta umeme unakoma kwenye kisanduku kidogo cheusi kilichofichwa kwa ustadi ambao, nakiri kwa wivu, ni wa fundi aliyelelewa vizuri: waya za rangi ya kiwanda, mahali ambapo mkono haupiti. Nikimuuliza kama ana deni, wengine hutazama chini vile vile walivyotazama madereva wa 404.

Kukiruka kisanduku hicho ni kazi ya dakika chache, na kila wiki kuna anayeniomba, akinionyesha pesa. Sikiruki. Kabla ya kuandikisha ufunguo au kufungua dashibodi tunaomba logibuku, kitambulisho, na namba ya simu ya mkopeshaji kama yupo. Nampigia mbele ya mteja, spika ikiwa wazi. Baadhi ya wateja hukasirika na kusema fundi wa ng'ambo ya barabara haulizi maswali. Huwa ninawaelekeza aliko.